Koo la Miezi 11: Uchambuzi wa Kisa cha Mwalimu Aliyelazwa kwa Sababu ya Tumbo

Mwalimu alifikishwa hospitali kwa ajili ya tumbo. Kwa siku 3 alikuwa akipata choo cheusi kama lami, na asubuhi ya siku ya 4 aliinuka kitandani, akaona giza, akaanguka. Umri wake miaka 52. Kipimo cha damu kilisoma hemoglobini 7.6, wakati mwanamume mzima hutarajiwa kuwa na 13 au zaidi. Akawekewa dripu, akapewa dawa ya kupunguza asidi kwa njia ya mshipa, na kesho yake kamera ikapitishwa hadi tumboni. Kikaonekana kidonda kimoja, upana wake sentimita moja na nusu hivi, kilichokwisha kuacha kuvuja. Wengi wangeishia hapo: vidonda vya tumbo, dawa za wiki 8, nenda nyumbani.

Aliyeharibu utulivu huo ni daktari kijana wa zamu ya jioni.

"Mwalimu, kuna dawa za maumivu unazotumia?"

Kumbe zipo. Diklofenaki asubuhi, diklofenaki jioni, na ibuprofeni juu yake "siku zile ngumu".

"Unaumwa wapi?"

"Koo tu, daktari."

"Tangu lini?"

Mwalimu akatazama dari, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Miezi 11.

Daktari akafunga faili, akavuta kiti, akaketi.

Niseme mapema kwamba mwalimu huyu ni mgonjwa wa mfano. Nimemuunda kwa kuunganisha mambo yanayojirudia kwa watu wenye koo la namna hii, ili tuweze kumfuata mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho badala ya kurukaruka kati ya kumi. Ugonjwa wake, vipimo vyake na makosa yaliyofanyika njiani ni vya kweli kwa maana moja: hutokea, na hutokea kwa mpangilio huuhuu.

Jinsi miezi 11 ilivyopita

Mwanzo wake ulikuwa mafua. Pua ilikauka, kikohozi kikaisha, lakini koo halikuaga. Lilibaki likichoma upande wa kulia, kama punje ya mchanga iliyogoma kushuka. Mwalimu hakushangaa. Kazi yake ni kupaza sauti kutwa nzima mbele ya darasa. Koo la mwalimu likiuma, nani atauliza kwa nini? Akasukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Wiki ya 3 akanunua vidonge vya amoksilini vya siku 5, akavitumia siku 3, akapata nafuu, akaviacha.

Nafuu hiyo ndiyo iliyomponza, na inafaa tuitazame vizuri. Ilitoka wapi, kama koo halikuwa na ugonjwa unaotibiwa na amoksilini? Kwanza, maumivu ya muda mrefu hayaendi kwa mstari ulionyooka. Hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hutafuta dawa yakiwa kileleni, kwa hiyo chochote atakachomeza siku hiyo kitafuatiwa na kushuka. Pili, kila alipomeza antibiotiki alimeza na diklofenaki, kisha sifa zote akazipa ile ya kwanza. Tatu, kidonda chochote kooni hukusanya bakteria juu yake, na antibiotiki huweza kuwapunguza hao wa juu, wekundu ukatulia kidogo, huku kilicho chini kikiendelea na shughuli zake. Kwa hiyo nafuu ya siku 5 haithibitishi kwamba dawa imekutana na ugonjwa wake. Mwalimu aliichukulia kuwa uthibitisho mara 4.

Mwezi wa 3 ilikuwa azithromaisini. Mwezi wa 4 alikwenda kumwona mganga wa kituo cha afya, akamulikwa kwa tochi, ulimi ukakandamizwa kwa kijiti, akaambiwa ana mafindofindo sugu. Antibiotiki nyingine, pamoja na vidonge vya maumivu. Shingo haikuguswa.

Mwezi wa 6 alikutana na daktari makini zaidi, na huyu sitamlaumu sana. Aliuliza kuhusu kiungulia, mwalimu akakiri kwamba kipo, hasa akilala mapema baada ya kula. Asidi ya tumbo inayopanda hadi kooni ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za koo linalowasha miezi na miezi: sauti hukwaruza asubuhi, mtu hukohoakohoa kusafisha koo, huhisi donge lisilomezeka. Akaandikiwa omeprazoli. Kiungulia kikapungua na koo likabaki vilevile. Kukisia kulikuwa kwa busara. Kilichokosekana ni sentensi moja ya mwisho: "Rudi baada ya wiki 4, na kama koo halijabadilika tutatafuta kitu kingine." Bila tarehe ya kurudi, matibabu ya kujaribu hugeuka kuwa matibabu ya kudumu.

Mwezi wa 8 sikio la kulia likaanza kuuma usiku. Akapewa dawa ya matone. Haikusaidia, akapewa ya aina nyingine. Mwezi wa 9, akinyoa ndevu, kidole chake kilipita juu ya kitu kigumu chini ya pembe ya taya, kulia, ukubwa wa goroli. Hakikuuma. Akajiambia ni tezi imevimba kwa sababu ya yale mafindofindo, na kwa kuwa hakikuuma hakukitaja kwa mtu. Kufikia mwezi wa 11 mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya. Kutoka kilo 74 alikuwa amefika 65.

Mkewe alikuwa ameona jambo jingine, na alilisema pale wodini bila kuulizwa. "Baba Neema siku hizi anakula ameinamisha kichwa kushoto," alimwambia daktari. "Nikimwuliza, anasema ni mazoea." Mwalimu alikuwa amejifunza, pasipo kujua, kupeleka kila tonge upande usiouma. Mtu humeza mamia ya mara kwa siku, na lita moja hivi ya mate hupita kooni kutwa kucha. Mwili ukiumizwa kila mara hizo zote, hutafuta njia ya kukwepa, na huitafuta kimyakimya.

Kuna methali ya mficha maradhi, na watu hupenda kuitundika shingoni mwa wagonjwa kama huyu. Kwangu mimi haimhusu. Mwalimu hakuficha kitu isipokuwa lile goroli. Alieleza kila alipokwenda, ila alieleza kwa vipande. Muuza dawa alisikia koo, mwingine akasikia kiungulia, mwingine sikio, wodi ikasikia tumbo. Kila kipande kilipata dawa yake. Hakuna aliyewahi kuvisikia vyote kwa pamoja, na hakuna aliyeuliza umri wa koo lenyewe. Muda huo ndio uliokuwa dalili kubwa kuliko zote.

Sikio zima linalouma

Sikio la mwalimu halikuwa na ugonjwa. Ngoma yake ilikuwa nyeupe, inang'aa, mfereji msafi. Matone yale ya dawa yalidondoshewa mahali pasipo na hatia.

Neva ya 9 ya fuvu, inayobeba hisia za mafindofindo na nyuma ya ulimi, hutoa tawi linaloingia sikio la kati. Neva ya 10, inayohudumia sehemu ya chini ya koo na zoloto, yaani kisanduku cha sauti, hutoa tawi jingine linalofika kwenye mfereji wa sikio. Ubongo unapopokea maumivu kupitia nyaya hizi hauwezi kutofautisha vizuri kama yametoka kooni au sikioni. Husoma anwani ya jumla tu. Ndiyo sababu mtoto mwenye koo lililovimba hushika sikio, na ndiyo sababu mtu aliyeondolewa mafindofindo hulalamika masikio kwa siku kadhaa baada ya upasuaji.

Kwa mtu mzima jambo hili lina uzito wa pekee. Sikio moja likiuma wiki kadhaa, na ndani yake pakakutwa pazima, anayefuata kuchunguzwa ni koo la upande uleule. Mtu wa masikio, pua na koo hulifanya hilo bila kufikiri mara mbili. Fani yake imeunganisha sehemu hizo tatu kwa sababu maradhi yake hayajui mipaka kati yao. Lakini mwalimu hakuwa amewahi kumfikia mtu huyo.

Kidole

Siku ya 3 ya kulazwa daktari wa masikio, pua na koo akaja kitandani. Alianza kwa nje: akasimama nyuma ya mgonjwa, akapapasa shingo kwa vidole vya mikono miwili, pande zote kwa pamoja, ili kulia kulinganishwe na kushoto. Tezi ya kulia ilikuwa na upana wa sentimita 2, ngumu, haiumi, haichezi sana ikisukumwa. Tezi iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida huwa na tabia tofauti: huuma ikiguswa, huwa laini kidogo kama mpira, na husinyaa ndani ya wiki 2 au 3.

Kisha taa. Findo la kulia lilikuwa kubwa kidogo kuliko la kushoto, si kwa kutisha, na lilikuwa na eneo dogo la kijivu upande wake wa chini, nusu limefichwa na mkunjo wa nyama. Kwa tochi na kijiti mtu angeweza kulipita bila kuliona. Naamini ndivyo ilivyokuwa mwezi wa 4. Hata kamera ya tumbo, siku moja kabla, ilipita sentimita chache tu kutoka hapo ikiwa na haraka ya kwenda kwingine.

Halafu daktari akavaa glavu. "Mwalimu, hii itakukirihi kidogo. Vuta pumzi kwa pua." Akaingiza kidole cha shahada, akagusa findo la kushoto: laini, linabonyea. Akagusa la kulia. Lilikuwa gumu kama kifutio cha mpira, na ugumu ule uliendelea kidogo kuelekea kwenye shina la ulimi. Kidole kilitoka na alama ya damu kwenye ncha. Uchunguzi wote wa kupapasa haukufika sekunde 10, na hauhitaji umeme wala mashine. Katika miezi 11 hakuna aliyeufanya.

Kamera nyembamba ikapitishwa puani kutazama nyuma ya ulimi, zoloto na nyuzi za sauti. Huko kulikuwa salama. Sindano nyembamba ikavuta seli kutoka kwenye tezi ya shingo. Hemoglobini ilipopanda, mwalimu akalazwa usingizi wa dawa na kipande cha findo kikakatwa kupelekwa maabara. Majibu ya vyote viwili yalikubaliana: saratani ya seli bapa, inayotokana na ngozi laini ya koo. Mwalimu alivuta sigara kwa miaka 20 na kuacha miaka 6 iliyopita, jambo ambalo aliulizwa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Maabara ilipima pia protini iitwayo p16, ambayo hutumika kama kivuli cha virusi vya papiloma, hasa aina ya 16. Virusi hivyo vimekuwa chanzo kikubwa cha saratani za mafindofindo na shina la ulimi katika nchi kadhaa, hata kwa watu ambao hawajawahi kushika sigara, na saratani zake kwa kawaida huitikia matibabu vizuri zaidi. Ya mwalimu haikuwa na p16. Ilikuwa ya ile njia ya zamani, ya moshi.

Kwa nini halikuwa "koo la kawaida"

Wasomaji wengine wameshashika shingo zao. Wasiogope. Koo linalouma kwa miezi mara nyingi huwa na sababu nyepesi kuliko hii: asidi inayopanda, makamasi yanayoshuka nyuma ya pua kwa mzio, kulala mdomo wazi, moshi, sauti inayotumikishwa kupita kiasi, vijiwe vidogo vyeupe vinavyokwama kwenye mashimo ya mafindofindo na kunuka. Wakati mwingine ni utando wa fangasi, na huo unapomkuta mtu mzima asiye na sababu ya wazi, sukari na virusi vya ukimwi vipimwe. Kifua kikuu cha zoloto kipo. Hata tezi ya thairoidi ikivimba huuma mbele ya shingo, na mwenyewe akaapa kwamba ni koo.

Lakini jambo moja lingeweza kuondolewa mezani mapema: bakteria wa kawaida wa koo. Streptokoki wa kundi A, ambaye ndiye sababu kuu ya antibiotiki kutolewa kwa koo, huja ghafla, na homa, na tezi zinazouma, kwa kawaida bila kikohozi. Hata asipotibiwa, homa hushuka ndani ya siku 3 hadi 5 na koo hutulia ndani ya wiki moja hivi. Virusi vya mafua huondoka katika muda unaokaribia huo. Jipu la pembeni mwa findo ni suala la siku, si miezi: sauti hujaa kama mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, taya hugoma kufunguka, kimio husukumwa upande mmoja. Kwa hiyo koo lililovuka wiki 3 limekwisha kutoka katika himaya ya antibiotiki, na anayeendelea kuzimeza anatibu kumbukumbu ya mafua yake.

Ukiongeza kwamba liliuma upande mmoja tu, pointi hiyo inapata nguvu. Asidi haichagui kulia. Mzio hauchagui kulia. Ugonjwa unaochagua upande mmoja na kubaki hapo una makazi, na makazi hayo huweza kutafutwa.

Mwaka 1884 Ulysses Grant, aliyewahi kuwa rais wa Marekani na mvutaji mkubwa wa sigara nene, aling'ata pichi akahisi koo linaungua. Alishauriwa amwone daktari wake, lakini daktari huyo alikuwa Ulaya, na Grant akasubiri arudi. Alipochunguzwa na mtaalamu wa koo ilikuwa Oktoba. Alifariki tarehe 23 Julai 1885. Kwa tiba ya wakati ule huenda kuwahi kusingebadilisha mengi, leo kunabadilisha.

Angekuwa mtoto wa miaka 9

Lazima nitoke kidogo kwa mwalimu, maana somo hili lingeumiza watu likisomwa vibaya. Mtu anaweza kuondoka hapa akiamini kwamba antibiotiki kwa koo ni kupoteza muda. Kwa mtoto hesabu ni nyingine kabisa.

Kati ya miaka 5 na 15, koo la streptokoki lisilotibiwa linaweza kuwasha homa ya rumatiki wiki 2 hadi 4 baadaye, wakati koo lenyewe limekwisha kupona na kusahaulika. Kinga ya mwili, iliyofunzwa kushambulia protini za bakteria yule, hukuta kwenye moyo na viungo kitu kinachofanana nazo, ikashambulia hicho pia. Goti huvimba na kuuma, linapona, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Viungo hupona. Vali za moyo, hasa ile ya mitrali upande wa kushoto, huweza kubaki na makovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu juu ya kovu. Wako wanawake ambao vali yao iliharibika utotoni bila mtu kujua, na ikajitangaza kwa mara ya kwanza ujauzito ulipouongezea moyo kazi: pumzi fupi, kushindwa kulala chali.

Haya yanazuilika. Kuelekea mwaka 1950, katika kambi ya jeshi la anga ya Warren huko Wyoming, timu ya daktari Charles Rammelkamp ilionyesha kwamba penisilini ikitolewa kwa koo la streptokoki huzuia homa ya rumatiki. Kazi iliyofuata ilionyesha kwamba bado inafaa hata ikianzwa hadi siku ya 9 tangu koo kuanza kuuma. Ndiyo sababu dozi ya vidonge ni siku 10 kamili, au sindano moja ya penisilini ya kudumu, na ndiyo sababu mtoto aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huchomwa sindano hiyo kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Dozi ya siku 10 inayoachwa siku ya 3 kwa sababu mtoto ameanza kucheza hutibu homa, lakini kinga ya moyo inabaki nusu.

Figo nazo huweza kuguswa: siku 10 hivi baada ya koo, mkojo hugeuka rangi ya chai nzito na uso kuvimba asubuhi. Na mara chache sana, kwa vijana zaidi, maambukizi ya koo hupenya hadi kwenye mshipa mkubwa wa shingo na kuugandisha damu, kisha vipande vya usaha husafiri hadi mapafuni. Mfaransa André Lemierre aliueleza ugonjwa huo mwaka 1936 na bado una jina lake. Kijana ambaye koo lake lilikuwa linapona, kisha akapata homa kali ya kutetemeka na maumivu ya shingo upande mmoja, asisubiri asubuhi. Wala asisubiri yeyote anayeshindwa kumeza mate yake mwenyewe, au anayevuta pumzi kwa sauti ya mkoromo.

Mtoto na mwalimu wanatofautiana hivi: koo la mtoto lina hatari katika siku zake za kwanza, na koo la mwalimu lilikuwa na hatari kwa sababu siku zake hazikuisha.

Bili ya mwilini

Sasa turudi wodini tuhesabu nini hasa kiliharibika, maana saratani ni sehemu moja tu.

Tumbo tumeshaliona. Diklofenaki na wenzake hutuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali ambazo, pamoja na mengine, hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake. Kumeza mbili za jamii moja kwa pamoja huzidisha hatari, haizidishi nafuu kwa kiasi hicho. Kinachoudhi ni kwamba omeprazoli aliyoandikiwa mwezi wa 6 ingemlinda kwa kiasi kikubwa, lakini aliiacha mwezi wa 8 kwa kuwa "haikusaidia koo".

Figo ndizo zilizowashangaza madaktari. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo nzima huichuja, ilikuwa juu na shinikizo la damu 162 kwa 98, kwa mtu ambaye hakuwahi kuambiwa ana presha. Dawa zilezile hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo na kuufanya mwili ushike chumvi na maji. Huu ukawa mkwamo wa kweli kwenye kikao cha kupanga matibabu, kwa sababu moja ya njia za kutibu saratani ya aina hii ni mionzi ikiambatana na sisplatini, dawa ambayo yenyewe ni kali kwa figo. Vidonge vya kutuliza koo vilikuwa vimefunga mlango mmoja wa kulitibu.

Uzito: kilo 9 katika 74 ni zaidi ya asilimia 12 ya mwili. Jeraha la upasuaji kwa mtu aliyekonda hivyo hupona polepole na huambukizwa kirahisi, kwa hiyo ilibidi wiki 2 zitumike kumlisha kabla ya lolote.

Halafu hatua ya ugonjwa. Uvimbe wa findo ulikuwa na sentimita 2.8, tezi moja ya shingo upande uleule, chini ya sentimita 3, hakuna kilichosambaa mbali. Kwa saratani ya koo isiyo na p16 hiyo ni hatua ya III. Uvimbe usiozidi sentimita 2 bila tezi ni hatua ya I, na hiyo mara nyingi hutibiwa kwa njia moja tu, ama upasuaji ama mionzi. Hakuna anayeweza kusema mwezi wa 3 mwalimu alikuwa katika hatua gani. Ninachoweza kusema ni kwamba mwezi wa 3 hapakuwa na goroli shingoni.

Kilichofanyika

Vidonge vya maumivu vya jamii ile vilisimamishwa siku ileile, pakawekwa morifini ya maji kwa dozi ndogo. Usiku wa kwanza mwalimu alilala saa 6 mfululizo, na asubuhi alimwomba muuguzi radhi akidhani amepitiliza dawa. Ndani ya wiki 3 shinikizo la damu lilirudi karibu na kawaida; kreatinini ilishuka, ingawa haikufika mahali pazuri. Kikao kikaamua kuiacha sisplatini pembeni, na kumpasua: kuondoa findo na tezi za shingo za upande wa kulia, kisha mionzi.

Kabla ya mionzi alipelekwa kwa daktari wa meno, hatua ambayo wagonjwa wengi huiona kama urasimu. Mionzi ya koo hukausha mate, meno huoza haraka, na taya lililopigwa mionzi halivumilii kung'olewa jino baadaye. Mfupa huweza kufa. Magego mawili mabovu yaling'olewa mapema na ufizi ukaachwa upone.

Maabara ilikuta kingo za nyama iliyokatwa ziko safi na saratani haijapasua ganda la ile tezi, habari njema mbili ambazo ziliruhusu mionzi peke yake. Alipigwa mara 30 kwa wiki 6. Kufikia wiki ya 4 ngozi ya shingo ilikuwa imegeuka nyeusi na mdomo una vidonda, akalishwa kwa mpira wa puani siku 19. Sauti ilibaki. Ladha ilirudi kidogokidogo, ya chumvi ikitangulia.

Wiki 12 baada ya mionzi kumalizika, picha za uchunguzi hazikuonyesha mabaki. Atarudi kila baada ya miezi 2 kwa mwaka wa kwanza, na kila mara daktari atavaa glavu na kugusa mahali palepale. Siku ya majibu hayo muuguzi alimpa glasi ya maji amezee kidonge cha presha. Mwalimu alikitia mdomoni, akainamisha kichwa kushoto, akameza.

"Kulia bado kunauma?" daktari aliuliza.

"Hapana," alisema, na ndipo alipogundua jinsi shingo yake ilivyokaa.